Kuanzisha Biashara Yako Mwenyewe Tanzania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mtaji, Faida na Uhuru

Je, ni kweli kwamba mwenye biashara yake ni mtu huru?

Katika miaka ya mwanzo, mara nyingi hapana. Mwajiriwa ana bosi mmoja, lakini mwenye duka ana mabosi wengi: mwenye fremu, mteja anayegonga saa kumi na mbili asubuhi, muuzaji wa jumla anayedai fedha ya mali kauli (bidhaa zilizochukuliwa kwa ahadi ya kulipa baadaye), mgambo wa halmashauri na afisa wa kodi. Ninawafahamu wenye maduka ya rejareja ambao wamekosa misiba na harusi za ndugu zao kwa sababu tu hapakuwa na mtu wa kumwachia funguo. Kwa hiyo neno uhuru linahitaji kipimo, na kipimo ninachokitumia ni idadi ya siku ambazo mwenye biashara anaweza kusafiri, kisha akarudi na kukuta bidhaa, fedha na daftari vinakubaliana. Anayeanza leo kipimo chake ni sifuri, na hilo si aibu. Tatizo ni kubaki kwenye sifuri mwaka wa nane huku ukijiita tajiri mtarajiwa. Majibu mengi yaliyopo hapa chini yanahusu njia ya kutoka kwenye sifuri hiyo.

Je, niache kazi kwanza ndipo nianze?

Usiiache kama unaweza kuvumilia uchovu wa kufanya mambo mawili kwa pamoja. Reginald Mengi, aliyefariki dunia mwaka 2019 akiwa miongoni mwa wafanyabiashara wanaojulikana zaidi nchini, alikuwa mhasibu kwa taaluma. Alianza kuunganisha kalamu nyumbani kwake katika kipindi ambacho bidhaa za kawaida zilikuwa adimu madukani, lakini hakuaga ofisini siku hiyohiyo: alibaki katika kampuni ya uhasibu ya Coopers & Lybrand hadi mwaka 1989. Watu husimulia habari za kalamu na kuusahau mshahara uliomlinda wakati kalamu zikitafuta soko.

Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, ni busara biashara iwe imeshalipa kodi ya pango kwa fedha zake yenyewe, uwe na akiba ya matumizi ya nyumbani ya miezi sita hivi, na uwe umepita nayo angalau msimu mmoja mbaya. Kila biashara ina msimu wake mbaya. Kwa mama lishe wengi wa Pwani ni mchana wa mwezi wa Ramadhani, kwa muuza nguo ni Januari baada ya sikukuu, na kwa mwenye bodaboda ni masika. Soma pia mkataba wako wa ajira, kwa maana baadhi ya waajiri hawaruhusu mfanyakazi kufanya biashara inayofanana na yao. Ukiondoka, kumbuka kwamba unaacha mchango wa hifadhi ya jamii wa asilimia 20 ya mshahara, ambao mwajiri alikuwa akilipa angalau nusu yake. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, hupokea michango ya waliojiajiri, ila hakuna mtu atakayekukata fedha hizo kabla hujaziona. Utazipeleka kwa hiari yako.

Nichague biashara gani?

Chagua ile ambayo tayari unawajua wanunuzi wake na unajua bidhaa inakonunuliwa kwa bei ya chini. Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Zanzibar, aliacha shule akiwa na miaka 14 na kuingia katika uuzaji wa vyakula. Ngazi zake za mwanzo zinazojulikana zaidi zilikuwa za chakula: mgahawa, mikate, aiskrimu na unga. Hakuzirukaruka biashara kwa kufuata upepo. Kwa hiyo orodha za biashara kumi zinazolipa mwaka huu zisomwe kwa tahadhari, kwani maelfu ya watu wengine wameisoma orodha hiyohiyo asubuhi hiyohiyo.

Mtaji wa kuanzia ni kiasi gani, na nitaupata wapi?

Hakuna kiasi kimoja, lakini kuna kosa moja linalorudiwa sana, nalo ni kumaliza fedha zote kwenye mambo yanayoonekana. Mtu mwenye shilingi milioni 5 hulipa kodi ya fremu ya miezi sita au mwaka mzima, humpa dalali chake, hulipa kilemba, yaani fedha ya ziada ya kupewa nafasi, kama eneo lina watu wengi, hupaka rangi, hutengeneza rafu na bango, kisha hubaki na laki nane za kununulia bidhaa. Wateja wanakuja, wanakuta rafu zina nafasi wazi, wanaondoka. Ushauri wangu ni kwamba angalau nusu ya fedha zako iwe mtaji wa mzunguko, yaani fedha ya bidhaa na ya kurudia kununua bidhaa. Ikiwa nusu hiyo haitoshi, fremu hiyo ni ghali mno kwako. Anza na kibanda, meza au nyumbani.

Chanzo bora ni akiba yako mwenyewe, hata kama inakusanywa polepole kupitia mchezo wa upatu. Upatu hauna riba na una nidhamu ambayo kibubu cha nyumbani hakina. Hatua inayofuata ni kikundi cha VICOBA, ambapo wanachama hununua hisa kila wiki, hukopa kwa kawaida hadi mara tatu ya hisa zao, na kugawana mwisho wa mzunguko. Tangu ilipotungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa, na kikundi kisichotaka kusikia habari za usajili ni cha kuogopwa.

Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 baada ya dosari kubwa kuonekana katika ukaguzi, kisha ukarejeshwa mwaka 2024. Mlango wa kuingilia ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Udhaifu wake ni kwamba unakopa kama kikundi, na mwanachama mmoja mzembe anaweza kuwakwamisha wenzake wote.

Kuna mali kauli pia, ambapo muuzaji wa jumla anakupa bidhaa kwa neno lako na unamlipa ukishauza. Huo ni mtaji usio na karatasi, na dhamana yake ni jina lako tu. Ukimlipa siku moja kabla ya ahadi mara tatu mfululizo, atakuongezea bila kuombwa.

Mikopo inayoitwa kausha damu ni jambo jingine kabisa. Jina hilo wamelitunga wakopaji wenyewe, na wamelitunga kwa haki. Marejesho ni ya kila siku au kila wiki, riba hupanda ukichelewa siku moja, na anayekuja kudai hubeba kitanda na jiko. Biashara inayoanza haina mauzo ya uhakika ya kila siku, kwa hiyo haiwezi kubeba deni la namna hiyo. Kama njia pekee iliyobaki ya kuanza ni hiyo, subiri.

Nitajuaje kama ninapata faida?

Swali hili ndilo linalotenganisha biashara na kujishughulisha tu, kwa hiyo nitachukua mfano wa kufikirika na kuupigia hesabu hadi mwisho.

Tuchukulie mama anayepika chapati 120 kwa siku na kuziuza kwa shilingi 500 kila moja. Mauzo yake ni shilingi 60,000. Unga, mafuta na mkaa vinamgharimu 36,000, anabaki na 24,000 mkononi, na jioni anasema amepata faida ya elfu ishirini na nne. Bado. Kibanda anakilipia 60,000 kwa mwezi, ambazo ukizigawa kwa siku 26 za kazi ni kama 2,300 kwa siku. Msaidizi anachukua 5,000, maji na ushuru 1,000, usafiri 2,000, na tuweke 700 kwa ajili ya kikaango, jiko na meza ambavyo siku moja vitakufa na kuhitaji vingine. Jumla ni 11,000, kwa hiyo kilichobaki ni 13,000 kwa siku, sawa na 338,000 kwa mwezi.

Hata hapo hatujafika. Mama huyu anaamka saa kumi alfajiri na kuondoka kibandani saa tisa alasiri. Kama angemwajiri mtu wa kufanya kazi hiyo badala yake, angemlipa labda 200,000 kwa mwezi. Kwa hiyo 200,000 kati ya zile 338,000 ni ujira wa mikono yake, na faida ya biashara yenyewe ni 138,000. Sasa ongeza jambo ambalo halimo katika hesabu ya mtu yeyote: chapati nane kwa siku zinazoliwa na watoto, jirani na mgambo. Nane mara 500 ni 4,000 kwa siku, sawa na 104,000 kwa mwezi. Robo tatu ya faida imeondoka kwa mikono yenye upendo, na zimebaki 34,000.

Sisemi awanyime watoto chapati. Ninachosema ni kwamba ziandikwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nadhani aliyeitunga methali hiyo alikuwa na duka. Daftari la kurasa 96 linatosha: upande mmoja yaandikwe mauzo ya siku, upande wa pili kila kilichotoka, pamoja na vilivyoliwa, vilivyoharibika na vilivyokopeshwa. Wanaopokea malipo kwa lipa namba wana nafuu, kwa sababu simu huweka kumbukumbu za upande mmoja, lakini upande wa matumizi hakuna atakayekuandikia. Liandike kila jioni kabla ya kufunga, kwa sababu hesabu ya jana inayokumbukwa leo huwa na huruma nyingi kwa mwenye nayo.

Je, nijilipe mshahara?

Ndiyo, hata kama ni mdogo. Kula mtaji hakutokei kwa siku moja. Huanza na shilingi 2,000 ya nauli iliyotoka kwenye droo, ikafuatiwa na ada ya mtoto, kisha mchango wa harusi. Nilipokuwa na duka dogo la vifaa vya shule na fotokopi, nilikuwa na hakika kwamba duka linakufa kwa kukosa wateja. Nilipokaa siku tatu kuunganisha vipande vya karatasi, niligundua kwamba wateja walikuwepo na aliyekuwa akiliua ni mimi, kwa mkono wa kulia, kupitia droo.

Panga kiasi, panga tarehe, na kitoke kwenye biashara kuingia kwenye laini yako binafsi ya simu au akaunti yako binafsi. Biashara iwe na laini yake. Kama mshahara wako umekwisha tarehe 20, umekwisha.

Ndugu na majirani wanaotaka kukopeshwa niwafanyeje?

Weka kikomo cha jumla cha madeni ambacho duka linaweza kukibeba, tuseme mauzo ya siku mbili, na kikijaa hakuna deni jipya hadi la zamani lipungue. Kikomo kinasaidia kwa sababu unamkatalia mtu kwa kumwonyesha daftari, na daftari halina undugu. Kibango cha “leo fedha, kesho mkopo” sijakiona kikimzuia shemeji.

Je, ni lazima kusajili biashara, na nisajili jina au kampuni?

Biashara ina ngazi kadhaa za urasmi, na si lazima zote zipandwe siku ya kwanza. Namba ya mlipakodi, yaani TIN, hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) bila malipo, kwa hiyo yeyote anayekutoza fedha ya TIN anakutoza huduma yake binafsi. Jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao. Leseni ya biashara nyingi ndogo hutolewa na halmashauri, huku leseni za biashara za kitaifa na kimataifa zikitolewa na BRELA. Anayesindika vyakula au kutengeneza vipodozi anahusika pia na Shirika la Viwango, TBS, ambalo lilichukua jukumu hilo mwaka 2019. Kwa mzalishaji mdogo ni vyema kuanzia SIDO, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, kwa kuwa maafisa wake huelekeza njia nzima.

Kuhusu jina au kampuni, tofauti kubwa iko kwenye madeni. Jina la biashara halikutenganishi na biashara: likidaiwa duka, umedaiwa wewe, na nyumba yako imo ndani ya hesabu. Kampuni yenye ukomo wa dhima ni mtu tofauti kisheria, na kwa kawaida mwanahisa hupoteza kile alichowekeza tu, isipokuwa ametia saini udhamini binafsi benki, jambo ambalo wakopaji wengi hulitia saini bila kulisoma. Lakini kampuni ina mzigo wake: ripoti za kila mwaka BRELA, hesabu zilizoandaliwa na mhasibu, na kodi ya asilimia 30 ya faida. Kwa genge, saluni au kibanda cha chapati, jina la biashara linatosha. Fikiria kampuni pale unapokuwa na mshirika, unapotafuta zabuni, au unapofanya kazi ambayo kosa moja linaweza kuzaa deni kubwa. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kusajili jina kunakupa haki ya nembo yako. Alama ya biashara husajiliwa peke yake.

Kodi ya mfanyabiashara mdogo hukokotolewa vipi?

Mtu binafsi ambaye mauzo yake hayajafikia ukubwa wa kulazimika kuandaa hesabu kamili hutozwa kodi ya makadirio, na msingi wake ni mauzo ya mwaka, wala si faida. Wengi hushtuka hapo. Yule mama wa chapati, ukizidisha 60,000 kwa siku 26 na miezi 12, ana mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 18 kwa mwaka, ingawa yeye mwenyewe anajiona hana kitu.

Viwango vilivyowekwa mwaka 2019 viliwaondolea kodi hiyo wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, na vilitofautisha wenye kumbukumbu na wasio nazo. Mwenye mauzo ya milioni 5 asiye na kumbukumbu alikadiriwa shilingi 100,000; mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4, yaani shilingi 30,000. Tofauti ya shilingi 70,000 kwa daftari la shilingi elfu moja au mbili: sijui uwekezaji mwingine unaolipa hivyo. Sheria ya fedha hubadilika kila Julai, kwa hiyo viwango vya mwaka husika vithibitishwe TRA kabla ya kukadiriwa. Usajili wa kodi ya ongezeko la thamani, ambao tangu Julai 2023 unamhusu mwenye mauzo ya kuanzia milioni 200, hauko karibu na wengi wanaosoma hapa.

Ni lini niajiri mtu, na je, awe ndugu?

Ajiri wakati kazi unayoiacha ukifanya nyingine ina thamani kubwa kuliko ujira utakaoutoa. Ikiwa kukaa dukani kunakuzuia kwenda Kariakoo kununua kwa bei ya jumla, na safari moja inaokoa 40,000, basi msaidizi wa 7,000 kwa siku si gharama. Ndugu anafaa kama unaweza kumfukuza. Kama huwezi, hujaajiri, umegawa duka.

Hapa ndipo uhuru wa swali la kwanza unapotengenezwa. Msaidizi ahesabiwe bidhaa asubuhi na jioni, bei ziandikwe zisibaki kichwani mwako, na malipo yaingie kwenye lipa namba ya biashara. Kisha ondoka nusu siku, baadaye siku nzima, baadaye tatu. Kila ukirudi linganisha bidhaa na daftari mbele yake, bila ukali na bila kuruka. Upotevu mdogo wa mwanzo ni karo unayoilipa.

Faida iende wapi ili iwe utajiri?

Kwanza irudi kwenye mzunguko hadi bidhaa zinazotoka haraka zisikauke rafuni. Baada ya hapo, itoke nje ya duka. Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa Julai 10, 2021, na watu waliokuwa na kila senti ndani ya bidhaa waliamka asubuhi wakiwa na funguo tu. Bima ya moto kwa duka ni nafuu kuliko wengi wanavyodhani, na ningeiweka kabla ya kununua pikipiki ya pili.

Kwa akiba ya muda mfupi ipo mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, taasisi ya serikali ambayo Mfuko wake wa Umoja ulianza mwaka 2005, na kiingilio cha mifuko hiyo ni kidogo. Kwa fedha isiyohitajika kwa miaka mingi zipo hati fungani za serikali, yaani mkopo unaoipa serikali, zinazouzwa kupitia Benki Kuu, ambazo hununuliwa kuanzia shilingi milioni 1 na hulipa riba kila baada ya miezi sita. Kiwanja ni kizuri kikiwa na hati au angalau kimepimwa, lakini hakiuziki siku mtoto anapolazwa. Mfanyabiashara mwenye viwanja vinne na asiye na fedha ya dharura ataishia kwa wale wa kausha damu kama mtu asiye na kiwanja hata kimoja.

Nitajuaje kwamba biashara hii haifai tena?

Daftari likionyesha miezi sita mfululizo kwamba baada ya kujilipa hakuna kinachobaki, na umeshabadilisha bei, muuzaji wa jumla au eneo bila matokeo, funga ukiwa bado na bidhaa za kuuza. Uza zilizobaki kwa bei ya manunuzi, mlipe wa mali kauli kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa utamhitaji katika biashara ijayo, na mwarifu mwenye fremu kulingana na mkataba. Kisha nenda TRA ukaandikishe kwa maandishi kwamba umesitisha biashara, na BRELA ukafute jina. Wengi hufunga mlango na kuondoka, na makadirio ya kodi yanaendelea kuhesabiwa kwa duka ambalo sasa ni saluni ya mtu mwingine. Nakala ya barua yenye mhuri wa kupokelewa ibaki ndani ya lile daftari.